Haki ya Kabureta

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kabureta ya SU imenyongwa mara nyingi pasipo kupewa hiyo haki. Gari la zamani la michezo la Kiingereza likianza kusumbua, likawa gumu kuwaka asubuhi, likatoa moshi mweusi, sailensa ikawa inapanda na kushuka kila linaposimama kwenye taa za barabarani, wa kwanza kushtakiwa ni kabureta. Watu husema ni kifaa cha kale, hakishiki marekebisho, na dawa yake ni kung'olewa na kufungwa kitu kingine. Nimezifungua kabureta hizi za kutosha, na nasema wazi kwamba sehemu kubwa ya mashtaka hayo haina ukweli. Kinachoitwa ubovu wa SU mara nyingi ni uchakavu wa shafti moja ya unene wa milimita 8 hivi, ambayo hakuna aliyeitazama tangu gari litoke kiwandani.

Tuanze na namna inavyofanya kazi, maana utetezi wake wote umo humo. Fundi wa pikipiki wa Mwanza au Kisumu hahitaji maelezo marefu. Anaijua sindano nyembamba iliyochongoka inayoingia kwenye jeti, na anajua kwamba sindano ikipanda, nafasi inaongezeka na petroli inapita kwa wingi. Kwenye pikipiki nyingi ndogo sindano hiyo hupandishwa na waya unaotoka kwenye mpini: dereva anakunja mkono, waya unavuta, sindano inapanda. Kwenye SU hakuna waya unaoifikia sindano. Pedali ya mafuta hufungua kilango cha hewa tu, kilichoko upande wa injini, na mamlaka ya dereva yanaishia hapo.

Yanayofuata ni ya injini yenyewe. Injini inavuta hewa. Mvuto huo unapita kwenye matundu madogo yaliyoko chini ya pistoni na kufika juu yake, ndani ya kuba la alumini. Shinikizo ndani ya kuba linapungua, na hewa ya kawaida iliyoko chini inaisukuma pistoni juu. Pistoni ikipanda, njia ya hewa inapanuka, na sindano iliyofungwa kwenye pistoni hiyo hiyo inachomoka kidogo kutoka kwenye jeti. Hewa na petroli vinaongezeka kwa pamoja. Injini ikihitaji kidogo, pistoni inashuka kwa uzito wake ikisaidiwa na springi laini. Kasi ya hewa inayopita juu ya jeti inabaki karibu ile ile, gari liwe linatambaa mjini au linakimbia barabara kuu. Jeti ni moja, sindano ni moja, na vinatosha kwa mwendo wote, kuanzia sailensa hadi mwisho wa pedali.

Mimi huuona mpango huu kuwa na adabu ya pekee. Aliyeuunda hakudai kujua mapema injini itataka nini. Aliiachia iseme.

Aliyeuunda alitoka kwenye familia ya biashara ya viatu. George Herbert Skinner alikuwa wa familia iliyohusika na Lilley na Skinner, wauza viatu wa London, na mwaka 1905 aliomba hataza ya kabureta yake. Mahali ambapo sasa pana pistoni ya chuma, yeye aliweka mvukuto wa ngozi, kama ule wa mhunzi, isipokuwa huu ulivutwa na injini badala ya mkono. Sijui mtu anayeweza kusoma habari hiyo bila kufurahi: mtoto wa watu wa ngozi alipotaka kitu kitakachopanuka na kujikunja kwa pumzi ya injini, aliichukua ngozi. Baadaye ngozi iliachwa kwa sababu haikudumu, na pistoni ya chuma ndani ya kuba ikashika nafasi yake. Mwaka 1910 kampuni ilianzishwa, ndugu yake Thomas Carlyle, aliyejulikana kama Carl, akawa mhimili wake, na herufi SU zikasimama badala ya Skinners' Union, umoja wa akina Skinner. Mwaka 1926 ilichukuliwa na William Morris, mwenye magari ya Morris, na kuanzia hapo kuba hilo likaenea kwenye magari ya Kiingereza ya kila daraja. Jaguar E-Type za mwanzo zilikuwa na SU tatu kwa mstari. Mini ilikuwa nayo. Morris Minor ilikuwa nayo, na msomaji wa Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam mwenye umri wa kuzikumbuka Morris Minor zilizopita huko ameshaliona kuba hilo chini ya boneti, hata kama hakuwahi kuambiwa jina lake.

Gari ninalotaka kulisimulia ni MGB. Lilitengenezwa Abingdon, kusini mwa Oxford, kuanzia 1962 hadi 1980, na yalitoka zaidi ya nusu milioni ukihesabu na yale ya paa gumu yaitwayo GT. Injini yake ya mitungi minne ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,798, na kwa miaka mingi ililishwa na kabureta mbili za SU aina ya HS4, kila moja ikiwa na koo la inchi moja na nusu.

Mzee mmoja mzaliwa wa Unguja, aliyefanya kazi Uingereza maisha yake yote hadi kustaafu, analo la mwaka 1967. Nilimkuta siku moja amesimama kando yake na boneti limefunguliwa.

"Shikamoo, Mzee. Gari halijambo?"

"Marahaba, mwanangu. Gari linanila. Nimeambiwa nizitupe hizi kabureta nifunge Weber moja kubwa."

"Mzee, kabla hujazitupa, niruhusu nizishike kwanza."

Aliniruhusu. Kwa MGB, kazi ya kwanza ya mtu mwenye busara ni kutoigusa kabureta kabisa. Anaangalia plagi, anaangalia poyinti za distribyuta na muda wa cheche, anapima nafasi za vali, anapima mgandamizo wa kila mtungi. Kabureta haiwezi kusawazisha mtungi uliochoka wala kufidia cheche iliyochelewa, na mengi yanayodaiwa kuwa ni makosa ya petroli hukutwa kwenye umeme. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo mkono uende kwenye SU.

Na mkono uende kwenye shafti. Kila kabureta ina shafti inayoivuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, imebeba kilango cha hewa. Niliishika ncha yake kwa vidole viwili nikaitikisa juu na chini. Ilicheza. Mchezo wenyewe ulikuwa mdogo, jicho lingeupita bila kuuona, lakini kidole kiliusikia vizuri, na palikuwa na sauti ndogo kavu ya chuma kugusa chuma. Injini ikiwa inanguruma, ukipuliza dawa ya kusafishia kabureta mahali hapo, mlio wake hubadilika mara moja, kwa sababu dawa inafyonzwa ndani. Panapoingia dawa, hewa huingia siku zote.

Ufa mdogo namna hii unaitesa injini nzima, na sababu yake inafaa kuelezwa taratibu, maana hapa ndipo kesi nyingi za SU zinapohukumiwa vibaya. Hewa inayopenya kando ya shafti haipiti juu ya jeti, kwa hiyo haibebi petroli. Injini ikiwa kwenye sailensa, kilango karibu kimefungwa na mvuto nyuma yake ni mkali sana. Hewa hiyo ya pembeni inakuwa sehemu kubwa ya pumzi yote ya injini, na mchanganyiko unakuwa mwepesi mno. Injini inatetemeka, inakohoa, inazima. Anakuja mtu na spana, anashusha jeti ili petroli iongezeke, na sailensa inatulia. Anafurahi, anafunga boneti. Lakini ukikanyaga pedali, kilango kinafunguka, mvuto pale kwenye shafti unapungua, na ile hewa ya pembeni haina uzito tena. Jeti iliyoshushwa inabaki chini. Sasa petroli ni nyingi kupita kiasi barabara nzima: moshi mweusi, plagi zenye masizi, tangi linaloisha kabla ya safari. Mwenye gari anaambiwa SU zinakunywa mafuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta unaojengwa una bei ya Weber.

Tiba ya kwanza ni shafti mpya. Mara nyingine hiyo peke yake inatosha, kwa kuwa shafti huliwa kabla ya mwili wa alumini. Kwenye kabureta za Mzee mwili nao ulikuwa umelika, matundu yamekuwa na umbo la yai. Hapo hapana njia ya mkato: matundu yanapanuliwa na kuingizwa bushi za shaba, kisha bushi zinapitishwa kifaa kirefu cha kukwangulia kinachovuka pande zote mbili kwa mpigo mmoja, ili matundu yote mawili yawe kwenye mstari ule ule. Yakipishana hata kidogo, shafti itakaza, na pedali inayokaza ni hatari kuliko inayovuja. Kazi hii niliipeleka kwa mtu mwenye mashine, na ningemshauri yeyote afanye hivyo. Drili ya mkononi isiikaribie.

Kukirudisha kilango kwenye shafti ni kazi ya dakika chache, lakini inadai utulivu. Kinashikwa na skrubu mbili zenye ncha zilizopasuliwa. Unazikaza nusu, unakiacha kilango kijifunge chenyewe mara kadhaa hadi kijiweke katikati, kisha unaiinua kabureta kuelekea kwenye taa. Mwanga ukionekana kwa wembamba ule ule kuzunguka ukingo mzima, unakaza skrubu na kuzipanua ncha zake kwa koleo. Usizitumie tena skrubu za zamani. Ikifunguka moja, njia yake ni moja tu, ndani ya injini.

Sasa pistoni na kuba. Viwili hivi vilitengenezwa vikiwa jozi, na nafasi iliyopo baina yao ni finyu mno: havigusani, ila hewa inayopita kati yao ni ndogo sana. Kwa hiyo unapofungua kabureta mbili kwa pamoja, tia alama kabla ya jambo lolote. Kuba la mbele na pistoni yake, kuba la nyuma na pistoni yake. Ukivichanganya umeharibu kitu ambacho hakuna skrubu inayokirekebisha. Na karatasi ya msasa ikae mbali. Nimeona makuba yaliyong'arishwa ndani kwa msasa na mtu aliyetaka kufanya vizuri, na yakawa hayana kazi tena, maana ule ufinyu ndio uliokuwa thamani yake yote. Kitambaa laini na petroli vinatosha kuondoa uchafu wa rangi ya asali unaoganda kwa miaka mingi. Ukingo wa pistoni unaachwa mkavu. Tone moja la oili linakwenda kwenye fimbo ya katikati.

Kisha linakuja jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye HS4, kuweka jeti katikati. Sindano za magari ya miaka hiyo zimekazwa bila kuyumba, kwa hiyo jeti lazima ikae katikati kabisa ya sindano. Ikigusa upande mmoja, pistoni inakwama na sindano inalika. Unalegeza nati kubwa inayoshika jeti, unapandisha jeti hadi mwisho, unaisukuma pistoni chini kwa upole kupitia juu ya kuba kwa kijiti, na jeti inajisogeza yenyewe hadi mahali pake. Unakaza nati. Halafu unainua pistoni kwa kidole na kuiachia. Inapaswa kushuka kwa uhuru na kutua kwenye daraja lake kwa mlio mmoja mkavu, "tak". Ukishusha jeti na kurudia, mlio uwe ule ule. Usipousikia, pistoni ikatua kimya kimya, unalegeza nati na kuanza tena. Hakuna geji ya kukwambia. Ni sikio na kidole, na mara nyingi mtu hurudia hadi akaudhika, kisha ghafla unaisikia "tak" pande zote mbili, jeti ikiwa juu na ikiwa chini.

Chumba cha boya nacho kina yake. Boya linapanda na petroli na kufunga vali ndogo. Petroli ikipungua linashuka na kufungua. Kwenye kabureta za gari la Mzee, kipimo chake kinapatikana kwa kugeuza kifuniko juu chini na kupitisha kipande cha chuma cha milimita 3 kati ya kifuniko na boya. Hesabu ni rahisi, ila ukiikosea petroli inamwagika juu ya ekzosi ya moto au injini inakosa mafuta kwenye kona.

Habari ya boya hainipiti bila kumkumbuka Beatrice Shilling. Mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Hurricane na Spitfire zilitumia injini za Rolls-Royce Merlin, na kabureta zake zilikuwa za SU, ingawa za muundo mwingine mkubwa wa ndege, zenye maboya. Rubani akiinamisha pua ya ndege kwa ghafla, petroli iliruka kwenda juu ya chumba cha boya, injini ikakosa mafuta, kisha mara ikafurika na kukata. Ndege za Kijerumani zilizopulizia petroli moja kwa moja kwenye mitungi hazikuwa na shida hiyo. Shilling, mhandisi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, aliunda kizuizi kidogo chenye tundu lililopimwa, kikafungwa kwenye njia ya petroli ili isipite zaidi ya ile ambayo injini inaweza kuitumia. Mwaka 1941 yeye na wenzake walizunguka vituo vya jeshi la anga wakivifunga, bila kuzitoa ndege kazini. Mwanamke huyo huyo aliwahi kuzunguka uwanja wa Brooklands kwa pikipiki ya Norton kwa wastani uliozidi maili 100 kwa saa. Namtaja kwa sababu hakungoja kabureta mpya. Aliifahamu iliyokuwapo, akajua hasa ni wapi inakosea, akaiongezea kitu chenye tundu moja. Wahandisi wakaendelea kutafuta suluhisho kubwa zaidi, lakini marubani hawakuachwa wangoje.

Adui wa leo wa boya ni mwingine. Tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida ya vituo vya Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli huvuta maji na kula mpira wa zamani. Mabomba laini yanapasuka, mipira midogo inayoziba chini ya jeti inavimba na kuvuja, na gari lililokaa majira yote ya baridi bila kutembezwa linaamka na harufu ya petroli gereji nzima. Kwa gari la aina hii, kubadilisha kila kilicho cha mpira na kuweka kinachovumilia ethanoli naliweka kwenye hesabu ya usalama, kabla ya habari yoyote ya nguvu za injini. Waingereza bado wanauza petroli ya daraja la juu yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, na Mzee sasa hununua hiyo.

Nimefika kwenye kuboresha, ambako watu wengi hupenda kuanzia.

Weber ya DCOE ni kabureta nzuri. Ilitokana na kazi ya Edoardo Weber wa Bologna, na kwenye injini za mashindano imeshinda kwa haki. Sifa yake kubwa ni kuweza kuupa kila mtungi koo lake peke yake. Lakini kichwa cha injini ya MGB kina milango miwili tu ya kuingizia hewa kwa mitungi minne. Kila mlango unalisha mitungi miwili. Ukifunga Weber moja yenye makoo mawili, kila koo linalisha mlango mmoja, mitungi miwili, vile vile ilivyokuwa kwa SU mbili. Ile faida iliyoijengea Weber jina inabaki nje ya mlango. Unachonunua ni koo pana zaidi, pamoja na jeti kuu, jeti za hewa, jeti za sailensa na mirija ya kuchanganyia, vyote vikichaguliwa kimoja kimoja hadi viafikiane. Kwa anayeshindana na injini iliyochongwa hadi mwisho, sawa. Kwa Mzee anayekwenda kumwona mwanawe Jumapili, hapana.

Historia ya gari lenyewe inatoa ushahidi wa ajabu. Mwaka 1975 MGB zilizopelekwa Marekani ziliondolewa SU mbili na kupewa Zenith-Stromberg moja, kwa ajili ya sheria za moshi. Nguvu ilishuka. Mpaka leo wenye magari hayo huko Marekani hutafuta jozi ya HS4 za zamani na kuzifunga, na hilo wanaliita kuboresha. Wako sawa.

Maboresho ninayoyaamini yamo ndani ya SU yenyewe, na la kwanza ni sindano. SU ilitengeneza sindano za aina mamia kwa mamia. Zimechongwa kwa kupimwa kila inchi 1/8 ya urefu wake, na majedwali yake huandika vipenyo hadi sehemu ya elfu kumi ya inchi. Kwa hiyo fundi anaweza kuongeza petroli katikati ya mwendo pasipo kugusa sailensa, au kuipunguza juu kabisa na kuacha kwingine kama kulivyo. Gari likibadilishiwa kamshafti, ekzosi au kichujio cha hewa, sindano ya kiwandani haitoshi tena, na hapo watu hulaumu kabureta wakati wao ndio waliobadilisha kilichobaki. Siku hizi unaweza kuweka kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi, gari likakimbia juu ya magurudumu ya mashine ya kupimia, ukasoma mchanganyiko katika kila hatua na kuchagua sindano kwa ushahidi. Akina Skinner hawakuwa na chombo hicho. Kifaa chao kinakipokea kana kwamba kilikuwa kinakingoja.

Springi nazo zina rangi: buluu ndiyo laini, nyekundu inafuata, kisha njano, na kijani ni ngumu kuliko hizo. Dampa iliyoko juu ya kuba inataka oili, nayo ndiyo inayoichelewesha pistoni kupanda unapokanyaga kwa ghafla, ili petroli izidi kwa kitambo injini inapochukua kasi. Wengi huisahau oili hiyo kwa miaka, kisha hulalamika kwamba gari linakwama linapoondoka. Kichujio kizuri chenye mdomo wa mviringo unaoingiza hewa bila kuivuruga kinasaidia. Kwa magari ya baadaye yenye kivali kidogo katikati ya kilango, kilango kizima kisicho na tundu ni badiliko la bei ndogo linaloondoa usumbufu mkubwa, maana springi ya kivali hicho ikichoka, sailensa haishuki tena.

Kuzisawazisha kabureta mbili kulifanyika uani, injini ikiwa imepata moto. Unalegeza viungo vinavyoziunganisha ili kila moja isimame peke yake. Unachukua kipande cha mpira wa bomba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Unasikia hewa inavyovuma. Unahamia ya pili. Unageuza skrubu ya moja hadi mivumo miwili ifanane. Halafu mchanganyiko: unainua pistoni kwa kiasi kisichofika milimita moja. Injini ikiongeza kasi na kubaki hivyo, petroli imezidi. Ikizima, petroli ni chache. Ikiongeza kidogo kisha ikatulia, umefika. Ukishagusa mchanganyiko, hewa nayo imehama kidogo, kwa hiyo unarudi kwenye mpira wa bomba. Nilimpa Mzee ule mpira asikilize mwenyewe. Alisikiliza ya mbele, akasikiliza ya nyuma, akarudi ya mbele. "Hii ya nyuma inavuta zaidi," akasema, na alikuwa amepatia. Alikuwa na gari hilo tangu ujana wake na hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kulisikiliza.

Hilo limenikaa zaidi kuliko hesabu zote za sindano. Magari ya sasa yanapuliza petroli kwa kompyuta, yanachafua hewa kidogo kuliko SU yoyote, na huo ni ukweli usiopingika. Siombi dunia irudi 1962. Lakini nasikitika kwamba katika kupata hayo tulikubali kunyimwa ruhusa ya kuelewa. Kifaa kikifa kinabadilishwa kizima, na mwenye gari anapewa risiti. SU iliuzwa pamoja na haki ya kufunguliwa. Kila skrubu yake inafikiwa, kila kipande kina namba, na vipande hivyo bado vinatengenezwa: Burlen, ya Salisbury, inauza shafti, jeti, sindano, maboya na hata kabureta nzima mpya kwa vipimo vile vile. Kuna magari ya miaka kumi iliyopita ambayo sehemu zake ni ngumu kupata kuliko za kabureta hii.

MGB ya Mzee inawaka kwa mguso wa kwanza na sailensa yake imetulia. Weber haikununuliwa. Nawe msomaji, ukibahatika kuwa na gari la namna hii, au hata Morris ya marehemu babu iliyolala uani, usimruhusu mtu aitupe SU kabla hajakuonyesha kwa vidole vyake mwenyewe kwamba shafti haichezi. Ikicheza, ibadilishe hiyo kwanza, kisha mzungumze mengine.